"Mwalimu, Mbona Ana Gogo Mguuni?": Kufundisha Sanaa kwa Sanamu za Hadharani

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi wangu wa darasa la tatu kuangalia sanamu iliyosimama uwanjani, niliwagawia penseli na karatasi nikawaambia wachore. Wakakaa mbele yake safu moja, wakainama, wakachora. Tuliporudi darasani nilikuwa na michoro thelathini na kitu ya mtu yuleyule kwa upande uleule, na baadhi ya watoto walikuwa wamefuta uso mpaka karatasi ikatoboka kwa kuwa "haufanani". Picha ya kitabuni ingetosha kwa somo la namna hiyo. Safari yetu haikuwa na kazi.

Mara ya pili penseli zilibaki shuleni. Niliwaambia waizunguke sanamu polepole mara mbili, kisha kila mmoja aje anitajie kitu ambacho mtu aliyesimama mbele hawezi kukiona. Mmoja akaniletea habari za kuvu ya kijani mgongoni, mwingine mikunjo ya vazi. Halafu binti mmoja, mkimya sana darasani, akanivuta mkono hadi nyuma. "Mwalimu, mbona ana gogo mguuni?"

Kweli, nyuma ya mguu kulikuwa na kisiki kilichochongwa katika jiwe lilelile. Nimepita pale miaka mingi na sikuwahi kukiona. Tangu siku ile masomo yangu ya sanamu huanzia kwenye swali kama lile: simpi mtoto sanamu aiige, nampa tatizo lililomkabili mchongaji.

Na tatizo lenyewe ni hili. Jiwe ni zito, tena halivumilii kupinda. Uzito wote wa kiwiliwili hushukia kwenye vifundo viwili vyembamba vya miguu, na hapo ndipo linapokatika. Kwa hiyo mchongaji huacha kisiki, nguzo au vazi refu libebe mzigo. Hata Daudi wa mchongaji Mwitaliano Michelangelo, sanamu ya jiwe iliyochongwa kati ya 1501 na 1504 na kusimama hadharani mjini Florence hadi 1873, ana kisiki nyuma ya mguu wa kulia. Sanamu ya shaba nyeusi kwa kawaida huwa tupu ndani, na madini hayakatiki upesi kama jiwe, kwa hiyo farasi wa shaba anaweza kuinua miguu ya mbele bila kushikwa na chochote.

Wiki iliyofuata nikawapa udongo wa mfinyanzi na sharti moja: mtu wa kimo cha kiganja, asimame mwenyewe kwa miguu miwili. Hakuna aliyesimama. Magoti yalilegea, viuno vikazama, vichwa vikaangukia mezani. Hapa ndipo ninapokusihi, mwalimu mwenzangu, ufunge mdomo. Niliwaacha dakika kumi nzima za malalamiko, na ilikuwa vigumu kwangu. Kisha mmoja akamvalisha mtu wake gauni lililofika chini. Mwingine akamwegemeza kwenye mbwa. Wavulana wawili wakaunganisha watu wao mgongo kwa mgongo, wakanieleza kwamba hao wamegombana, ila wakiachana tu wote wataanguka. Sikuwa nimefundisha lolote kati ya hayo.

Ufundi mmoja lazima uufundishe mapema: kuunga. Mkono uliobandikwa tu hudondoka udongo ukikauka. Chanjachanja pande zote mbili kwa kijiti, paka udongo uliolainishwa kwa maji ukawa kama uji mzito, kisha bana na upitishe kidole kwenye kiungo hadi alama ipotee.

Baada ya maanguko hayo ndipo ninapowaonyesha picha ya Malaika wa Kaskazini, kazi ya Antony Gormley iliyosimamishwa Gateshead, Uingereza, mwaka 1998. Ana kimo cha mita 20, mabawa ya mita 54 na uzito wa tani 200, juu ya kilima chenye upepo mkali. Nawauliza kinachomshikilia. Mtoto ambaye mtu wake ameanguka mara tano hukaa kimya kabisa akisikia kwamba chini ya ardhi kuna zege la tani 600.

Kwa madarasa ya juu zaidi napenda sana sanamu ya Mandela karibu na Howick, Afrika Kusini, mahali alipokamatwa mwaka 1962. Msanii Marco Cianfanelli alisimamisha nguzo 50 za chuma mwaka 2012. Ukiwa karibu unaona vyuma tu. Ukisimama umbali wa mita 35, mahali panapostahili, uso wa Mandela unajitokeza. Darasani tunakata mchoro wa uso vipande vyembamba, tunabandika kila kipande kwenye utepe wa kadibodi, kisha tunazisimamisha tepe hizo moja mbele, nyingine nyuma. Mtoto huhangaika kutafuta alama ya sakafuni ambapo uso unarudi kuwa mzima. Akiipata, huwaita wenzake wote.

Mambo madogo: nenda peke yako kwanza uangalie usalama na uulize kama kugusa kunaruhusiwa. Chagua asubuhi au jioni, maana jua la utosini hufuta vivuli. Kama hakuna sanamu karibu, tafuta picha za kila upande wa sanamu moja, hasa mgongo. Na katika kutoa alama, mimi kufanana sikuhesabu kabisa.

Maonyesho yetu hatuyapangi ukutani. Tunaweka meza katikati ya chumba ili wazazi wazunguke. Yule binti alianza kufinyanga kisiki, mtu akaja baadaye. Na siku ya maonyesho aliigeuza kazi yake, mgongo ukaelekea mlangoni, ili kila anayeingia akutane na kisiki kwanza.