Kona ya Gitaa: Nyimbo za watu, sikio lako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi najifunza nyimbo kwa kuangalia kodi (zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja) mtandaoni, naandika jina la wimbo nazipata fasta, ila nikipiga pamoja na wimbo wenyewe sehemu nyingi hazilingani, na wimbo usipokuwepo mtandaoni ndo nimekwama kabisa. Nifanyeje nikopi kwa kusikiliza tu? (Nyuzi Sita)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kodi za mtandaoni nyingi zimeandikwa na watu kama wewe tu waliokaa na gitaa wakasikiliza, wengine wana sikio zuri wengine bado, kwa hiyo usizichukue kama sheria. Sasa fanya hivi, na nakuomba sana usiruke hatua ya kwanza maana ndo kila kitu: weka gitaa pembeni. Sikiliza wimbo halafu imba besi. Sio maneno, sio solo, besi, ile sauti nzito ya chini, iimbe hata kwa "duu duu" mpaka uweze kuiimba wimbo ukiwa umezimwa. Kitu ambacho mdomo haujakishika vidole vitakipapasa tu, na ndo maana watu wanakaa na wimbo mmoja masaa wanatoka mikono mitupu.

Ukishaishika chukua gitaa, tumia uzi wa 6 peke yake, ule mnene, tembeza kidole freti moja moja, vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa, mpaka ukutane na noti unayoimba. Tuseme imekaa freti ya 3, hiyo ni G, na kila wimbo ukirudi hapo unasikia umetulia, umefika nyumbani. Basi kii, yaani hiyo noti ya nyumbani ya wimbo, inaelekea kuwa G, na familia yake ni kodi za G, C na D, pamoja na maina tatu, zile kodi zenye sauti ya huzuni, Em, Am na Bm. Nyimbo nyingi sana hazitoki nje ya hizo sita, kwa hiyo hubahatishi tena, unachagua.

Wengi wanachanganya G na Em, na sio kwamba masikio yao mabovu, ni kwamba G ina noti za G, B na D wakati Em ina E, G na B, yaani mbili ni zilezile. Besi ndo inakata kesi. C na Am hivyohivyo. Halafu kuna ule mtego wa besi kushuka G, F#, E: mtu akifika kwenye F# anahangaika kutafuta kodi ya F# na kila anayoijaribu inagoma, kumbe mara nyingi hapo ni D ya kawaida, ila besi imewekwa F#, freti ya 2 ya uzi wa 6. Ijaribu leo, G, D yenye hiyo besi, halafu Em, utazikuta kwenye nyimbo kibao.

Solo ikikimbia sana punguza spidi iwe 0.75 au hata 0.5, programu za siku hizi zinapunguza bila kufanya sauti iwe nzito. Wa zamani walikuwa wanashusha santuri kutoka mizunguko 33 kwa dakika kwenda 16, sauti inashuka oktavu nzima, yaani noti zilezile ila nzito zaidi, na bado waliipata, kwa hiyo wewe huna kisingizio kabisa.

SWALI: Kaka, nimetuni gitaa kwa simu kila uzi uko sawa, lakini kuna wimbo noti zake zipo katikati ya freti, nikipiga huku uko chini nikipiga kule uko juu. Gitaa bovu? (Msikilizaji)

JIBU: Gitaa lako zima ndugu yangu. Simu inatuni kwa A ya 440, yaani noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ila rekodi nyingi za zamani hazikukaa hapo, tepu ikienda haraka kidogo au taratibu kidogo wimbo wote unahama. Tuni gitaa lifuate wimbo, kwa sikio, basi. Na ukisikia noti iliyo chini kuliko uzi wako wa 6 ukiwa wazi, ujue mwenyewe alishusha nyuzi, mpiga gitaa Jimi Hendrix alikuwa akishusha nusu toni, yaani freti moja, mara kwa mara. Keith Richards wa Rolling Stones yeye kwenye nyimbo zake nyingi aliutoa kabisa uzi wa 6 na zile tano akazituni G, D, G, B, D, ukimkopi kwa tuni ya kawaida vidole vitateseka bure. Na wimbo ukiwa kii ya Bb usijiue na kodi za kubana nyuzi zote, funga kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, freti ya 3 upige maumbo ya G.

SWALI: Nikikopi solo za mtu noti kwa noti si nitapoteza sauti yangu? (Bado Mwanafunzi)

JIBU: Hapana, kopi tu. Mpiga gitaa wa jazi Wes Montgomery alijifunza solo za mwenzake aliyemtangulia, Charlie Christian, noti kwa noti, hata kazi ya kwanza jukwaani aliipata kwa kuzipiga hizohizo, ila Christian alitumia kidude cha kuchapia nyuzi na Montgomery akatumia dole gumba, na hakuna anayewachanganya hao wawili. Chagua solo moja fupi, uipige mpaka ukisimama pamoja na rekodi usijue nani ni nani, halafu ndo uanze kubadilisha noti moja moja.