Weka Mkasi Chini, Fumua Kwanza: Majibu kwa Wanafunzi na Wakufunzi wa Mitindo

Chuoni tumeagizwa kushona gauni la maonyesho kwa mifuko ya plastiki. Je, huo ni ubunifu endelevu? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hapana. Gauni linalovaliwa dakika chache jukwaani kisha likatupwa linabaki kuwa taka, hata likishonwa kwa ustadi. Isitoshe, mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mwombe mkufunzi akuruhusu kutumia nguo kuukuu, utengeneze vazi ambalo mtu atalivaa, atalifua na kulivaa tena.

Lebo imekatwa. Nitajuaje kama kitambaa ni pamba au poliesta?

Swali hili huletwa kila mwezi, na linaniumiza kwa sababu linaonyesha kwamba wanafunzi wanafundishwa kuchora mitindo kabla ya kukijua kitambaa. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo, uzishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, kisha uziwashe. Pamba huungua upesi, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini; poliesta husinyaa, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu. Usiguse tone linaloyeyuka, kwa maana hunata kwenye ngozi. Jaribu kabla ya kupiga pasi au kutia rangi, kwa kuwa moto unaoifaa pamba huiharibu poliesta, na rangi ya pamba haishiki kwenye poliesta.

Ninunue cherehani gani?

Tumia uliyonayo, baada ya kuisafisha na kuitia mafuta.

Nina shati la kiume lililochakaa kola. Nikate wapi ili niligeuze blauzi? (Msomaji, Tanga)

Usikate bado. Kola huchakaa kwenye mkunjo, lakini upande wake wa chini mara nyingi huwa mzima. Fumua mshono unaoishikilia shingoni, igeuze, uirudishe mahali pake, na huenda shati likaendelea kuvaliwa miaka mingine bila kuwa blauzi. Mafundi wa zamani waliifanya kazi hii kila wiki, nayo inastahili kufundishwa chuoni kwa uzito uleule wa kuchora.

Ukiamua kuendelea, fumua mikono na kibendi cha shingo, yaani ukanda unaoishika kola, taratibu, lakini mishono bapa ya ubavuni, ile iliyokunjwa na kushonwa mara mbili, ikate kandokando, kwa sababu kuifumua huchana kitambaa kilichokwisha kudhoofika. Mgongo ndio kipande kikubwa. Ukitandaze, uutafute mkondo wa uzi, yaani uelekeo wa nyuzi za kitambaa, na upange kiolezo chako, ile karatasi ya umbo la kukatia, kuufuata. Blauzi iliyokatwa mshazari bila kukusudiwa itapinda baada ya kufuliwa mara mbili.

Je, mbunifu anayejali mazingira anunue mitumba? (Mwanafunzi, Nairobi)

Inategemea anachokiokota. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Nchi nyingine zililegeza msimamo, na marobota yanaendelea kufunguliwa katika soko la Gikomba, Nairobi, na kwingineko. Mwanafunzi anayenunua kamera, yaani nguo bora za robota, kisha akazikatakata, ameharibu nguo ambayo mtu angeivaa kama ilivyo. Chukua fagia, zile zinazobaki jioni na ambazo zingeishia jalalani. Hapo ndipo kuna kazi ya kweli.

Tunataka kuongeza somo la uendelevu. Lipewe alama ngapi? (Mkufunzi, Nakuru)

Msiongeze somo, badilisheni namna mnavyosahihisha yaliyopo. Katika ukataji wa kawaida, takriban asilimia 15 ya kitambaa hubaki chini ya meza, na sijaona chuo kinachompunguzia mwanafunzi alama kwa sababu hiyo. Mpeni kila mmoja mita mbili, apange violezo, akate, kisha aweke mabaki yake kwenye mizani mbele ya wenzake. Halafu mwalikeni fundi wa mtaani anayepunguza suruali na kubadilisha zipu kutwa nzima, afundishe kufumua kwa wembe bila kutoboa kitambaa. Mlipeni kama mnavyomlipa mhadhiri mgeni yeyote, tena siku hiyohiyo.