Bonsai ikipukutisha majani baada ya kubadilishiwa chungu

Fikasi yangu ya kwanza, mti wa jamii ya mikuyu niliokuwa nikiukuza kama bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni, niliiua kwa maji. Wiki ya pili baada ya kuibadilishia chungu, niliamka nikakuta majani yametapakaa barazani. Nikaimwagilia. Kesho yake yakadondoka mengine, nikazidisha maji, na mbolea juu yake. Mwezi haukuisha. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, inanuka kama mtaro.

Wewe unayeanza, mtego ni huu: mti wenye kiu na mti uliozamishwa hunyauka vilevile. Ulipopunguza mizizi wakati wa kubadilisha chungu ulikata hasa ile myembamba, na hiyo ndiyo inayonyonya maji. Iliyobaki hainywi sana. Ukiushindilia maji, hewa inatoka kwenye udongo, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Neno bonsai kwa Kijapani ni kupanda kwenye sinia, na sinia halina kina. Maji hutuama chini hata kama matundu yapo.

Kwa hiyo usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo hadi karibu na kitako cha chungu, kiache dakika 10, kichomoe. Kikitoka na unyevu, weka kopo chini uende zako.

Majani kupukutika peke yake si msiba. Fikasi ina deko. Hata kuihamisha tu kutoka dirishani kunaweza kuifanya ivue majani. Kwaruza gome kwa ukucha, ukianzia nchani ukishuka. Ukiona kijani, hapo kuna uhai.

Iweke kivulini penye mwanga, mbali na upepo na feni. Ikiwa haina majani kabisa, ifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, uufungue kidogo kila siku, na usiiache juani ikiwa imefunikwa, itapikika. Kisha shika shina ulitikise taratibu. Likicheza, lifunge kwa waya unaopita kwenye matundu ya chungu, maana mzizi mpya ni laini na kila mtikisiko unaukata. Hili wengi hawaambiwi.

Kuing'oa tena ni pale tu udongo unaponuka uozo. Hapo kata mizizi myeusi hadi ufikie iliyo ngumu, upande upya kwenye chenga za matofali ya kuchoma au mawe mepesi ya volkano, za milimita 3 hadi 6, zilizochekechwa vumbi lote. Udongo wa bustani hugandamana.

Mbolea ingoje majani mapya yafunguke na kukomaa.

Fikasi yangu ya pili ilikaa uchi wiki 6, jirani akawa ananiuliza kama ni kuni. Chipukizi la kwanza lilitokea chini kabisa shinani, si nchani nilikokuwa nikipachungulia kila asubuhi. Matawi makavu sikuyagusa hadi ulipoingia mwezi wa tatu wa kungoja, nilipoona uhai umeishia wapi.