Mnyauko haukurudi, ulikuwa umelala ghalani kwangu

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nilipumzisha shamba la viazi, nikapanda mahindi msimu mzima. Mwaka huu nimerudisha viazi, na mnyauko umerudi palepale. Nimekosea wapi?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Swali hilohilo nililiuliza mimi mwenyewe miaka minne iliyopita, nimekaa juu ya tuta na jembe magotini, mdomo mkavu.

Ndugu yangu, haukurudi kwa sababu haukuwahi kuondoka.

Mnaolima viazi mviringo mnaijua hali yenyewe. Jana shina limesimama vizuri, leo mchana majani yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto, na bado ni ya kijani. Jioni yanainuka kidogo, unajifariji kwamba lilikuwa jua tu. Siku ya tatu hayainuki tena.

Sasa mimi nilikuwa mtu wa mbegu. Nalisema kwa kujisifu kidogo maana nililitolea jasho: huku Uporoto, kwenye milima ya Mbeya, watu waliweka oda kwangu kabla sijavuna. Vile vidogo vya ukubwa wa yai navichagua kwa mkono, navitandaza kivulini vichipue, gunia linaondoka limeshonwa vizuri. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, analima chini zaidi upande wa Tukuyu. Alichukua magunia sita kwa bei ya ndugu.

Kwangu msimu ule halikunyauka shina hata moja. Kwake, wiki ya saba, nusu ya shamba ililala. Akanipigia simu usiku. Aliyoyasema siyaandiki hapa. Mimi nikamjibu mabaya zaidi: kwamba hajui kulima, kwamba ameunguza viazi kwa mbolea, kwamba mbegu yangu ni safi na kila mtu anajua. Niliapa.

Msimu uliofuata zamu ikawa yangu. Bwana shamba alikuja, hakusema mengi, akaomba glasi ya maji safi. Akakata kipande cha shina karibu na ardhi, akakishikilia kikaning'inia, ncha ikiwa ndani ya maji. Tukasubiri. Dakika chache tu, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka polepole kutoka kwenye shina hadi chini ya glasi. "Hao ndio bakteria," akasema. Kisha akapasua kiazi: pete ya kahawia ndani, na ukikiminya, ute unatoka. Vingine udongo ulikuwa umenata kwenye macho ya kiazi, na mimi miaka yote nilidhani ni tope la kawaida.

Bakteria huyo, Ralstonia solanacearum, si mgeni. Mmarekani Erwin Smith alimweleza kitaalamu mwaka 1896. Kinachoumiza ni tabia yake ya kunyamaza. Kwenye baridi ya huku juu anaweza kukaa ndani ya kiazi bila kuonyesha dalili yoyote. Kiazi hichohicho kikishuka kwenye joto, mmea unaanguka. Kwa hiyo shemeji alikuwa na haki, na mimi niliyeapa nilikuwa nimemuuzia ugonjwa kwenye gunia lililoshonwa vizuri.

Kujificha kati ya msimu na msimu, anajua. Hatengenezi chembe ngumu za kujihifadhi kama vijidudu vingine vya udongoni, kwa hiyo anatafuta pa kukaa: viazi vilivyosahaulika ardhini vikachipua vyenyewe, yaani maotea, mizizi iliyobaki, magugu ya ukoo wa viazi kama mnavu na ndulele, na maji yanayotiririka kutoka shamba la juu. Msomaji wangu, nakuuliza: kwenye yale mahindi yako, maotea uliyang'oa? Au uliyaacha kwa kuwa ni mboga ya bure? Mimi niliyaacha. Tena nikayala.

Basi ushauri, na si mwingi. Nunua mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Usipande nyanya, bilinganya wala pilipili kwa kisingizio cha kubadilisha zao, maana ni ukoo uleule. Panda mahindi, ngano, vitunguu, na si msimu mmoja. Shina likinyauka, ling'oe pamoja na viazi vyake na udongo wa pale, na usilitupe mtaroni. Palilia kwa uangalifu, kwa sababu jembe likikata mizizi umemfungulia mlango. Na mbegu. Narudia, mbegu.

Dawa ya kupuliza haipo. Anakaa ndani ya mishipa ya mmea, kwa hiyo yule anayekuuzia chupa ya kutibu mnyauko anakula hela yako. Tuache pia kumtafuta mchawi. Tunapenda sana kumnyooshea kidole jirani wa juu kwa maji yake, mvua kwa wingi wake, mkono wa mtu, kila kitu isipokuwa lile gunia tulilolijaza wenyewe. Tunarithishana magunia hayo ukoo mzima, halafu tunashangaa kuona shamba la baba na la mtoto yananyauka wiki moja.

Lile shamba langu sasa lina msimu wa nne bila viazi. Maotea naenda kuyang'oa mwenyewe, simtumi kijana.

Mwezi uliopita nimempelekea shemeji magunia mawili ya mbegu yenye lebo. Amepokea mkewe. Mwenyewe, nimeambiwa, alikuwa amekwenda msibani.