Kabla ya kurusha mpira, jifunze kuchomoa kibendera

Kila anayekuja mazoezini kwa mara ya kwanza anataka kurusha mpira. Amewaona makwotabeki, yaani warushaji wa mpira, wa futiboli ya Marekani kwenye runinga, basi anaona futiboli ya bendera, ile isiyo na kuangushana, nayo ni hiyo hiyo. Mimi humpa mkanda wa vibendera kwanza. Timu ina watu watano tu uwanjani, na asiyejua kuchomoa kibendera hana pa kujificha.

Kwa ambao hawajawahi kuuona: ni watano kwa watano, uwanja wa yadi 50 kwa 25, yaani kama mita 46 kwa 23, na kila mwisho kuna eneo la kufungia la yadi 10. Kila mchezaji huvaa mkanda wenye vibendera viwili, kimoja kila upande wa nyonga. Hakuna kukabana wala kuangushana. Ukichomoa kibendera cha mwenye mpira, mchezo unasimama pale pale. Mnapewa majaribio manne ya kuvuka katikati ya uwanja. Mkivuka, mnapata mengine manne ya kufunga. Kufunga ni pointi 6. Na mpira ukidondoka chini umekufa, hakuna kuugombania. Hilo huwatesa sana waliozoea raga.

Sasa kuchomoa kwenyewe. Usimtazame mwenzako usoni, wala mabega. Vyote hivyo atakuchezea navyo. Tazama nyonga, kwa sababu ndizo zinazokwenda anakokwenda yeye. Mkimbilie kwa kasi, lakini ukibakiza hatua mbili tatu, fupisha hatua na kunja magoti. Kaa upande wa ndani ili abaki na njia moja tu, ya kuelekea mstari wa pembeni. Kosa la kawaida kwa wageni ni miguu kusimama huku mkono ukinyooka: unabaki na hewa mkononi, naye kashapita. Ukishika jezi au bukta badala ya kibendera, ni faulo.

Waliotoka kwenye raga wana mbio na chenga, ila mkono wao una tabia mbaya: wakiona mtu anakuja, wanamsukuma au wanafunika nyonga. Hapa kufunika kibendera kwa mkono ni kosa, hata kama hukukusudia. Kaeni na mpira kifuani, kiwiko kikiwa juu. Wa soka wana miguu mizuri lakini mikono haijafundishwa, wanaukumbatia mpira kama mtoto. Wafundisheni hivi: mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba vikutane, ukija chini ya kiuno, vidole vidogo ndivyo vikutane. Wa netiboli? Nikiambiwa nichague timu, nawachukua hao kwanza. Kudaka hewani na kumponyoka mlinzi wameshajua tangu shuleni.

Kama bado huelewi michoro ya mashambulizi, omba kazi ya kumkimbilia mrushaji. Unaanzia yadi 7 kutoka kwenye mstari wa mpira, yaani pale jaribio linapoanzia, na unaruhusiwa kwenda mara tu mpira unapotolewa. Kwotabeki haruhusiwi kuvuka mstari huo akikimbia na mpira mwenyewe, kwa hiyo lazima aurushe au ampe mwenzake. Usimwendee kichwa mbele, atakupisha tu. Elekea upande wa mkono wake wa kurushia, uharibu pasi hata kama hukupata kibendera.

Mchezo huu utakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, kwa wanaume na wanawake, baada ya kuidhinishwa Oktoba 2023. Mei 2025 wamiliki wa timu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, walikubali wachezaji wao washiriki, na wengi wakadhani mambo yameisha, Marekani imeshashinda. Mimi sina hakika. Ukubwa wa mwili haukusaidii sana pale ambapo kugongana ni marufuku. Mwaka 2022, kwenye Michezo ya Dunia (World Games) mjini Birmingham, Alabama, wanawake wa Mexico waliwafunga Wamarekani 39-6 kwenye fainali, nyumbani kwao. Tafuta video za kwotabeki wa Mexico, Diana Flores, uone anavyokata kiuno mikono ya walinzi ikipita patupu.

Mwisho, mavazi: bukta isiyo na mifuko. Kidole kikinasa mfukoni huku mtu anakimbia, kinateguka. Rangi yake isifanane na ya vibendera, na usisahau kinga ya meno.