Wadogo zangu mnaoanza redio, tuongee kuhusu mdomo na maiki

Kila mwaka tunapokea vijana wa fildi kutoka vyuoni, na kila mwaka lazima atokee mmoja, mara nyingi yule mwenye kipaji kuliko wenzake, ananiuliza kaka siku hizi si hatuwezi kusema kitu tena, neno dogo tu watu wameshakasirika, sasa uhuru wa kujieleza uko wapi? Sipendi kulijibu hilo swali mbio mbio kwenye korido maana ni swali la maana kabisa, na mimi mwenyewe nilianza kazi nikiwa na majibu ya kijinga, kwahiyo leo nimekaa nimeandika yote, someni mkiwa na nafasi.

Naanza na langu. Mwaka wangu wa pili hewani nilikuwa kwenye kipindi cha asubuhi, redio moja ya mkoani. Jumatatu tunachambua mechi ya jana yake, refa alikataa penati ya wazi, nikasema yule refa kiziwi yule, hakusikia uwanja mzima unavyopiga kelele. Nikaona bado haijanoga, nikaanza kumwigiza, nikatoa zile sauti za kukoroma kooni ambazo watu wanadhani ndio viziwi wanavyoongea, nikasema refa wetu bubu huyo anaomba filimbi. Studio ilicheka, prodyuza kalalia meza, meseji zikamiminika rudia tena rudia tena, na mimi nikarudia siku tatu mfululizo mpaka ikawa kama jingo ya kipindi.

Alhamisi mlinzi akanipigia kuna mgeni getini. Nashuka namkuta baba mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, kashika baiskeli, pembeni yake binti wa kama miaka tisa na sare za shule. Yule baba alikuwa kiziwi. Cha kwanza nilichowaza ni amesikiaje redio huyu? Hakusikia. Shuleni kwa yule binti watoto wenzake walikuwa wanamfanyia ile sauti yangu kila anapopita, akarudi nyumbani hataki tena shule, baba kamuuliza kuna nini, mtoto ikabidi amweleze kwa mikono yake mwenyewe kwamba kuna mtu redioni anakuigiza wewe. Na pale getini mkalimani alikuwa ni huyo huyo mtoto. Baba anaongea kwa lugha ya alama, binti ananigeuzia, "baba anauliza ni wewe?" Nikasema ndio. "Baba anasema sisi ni viziwi, sio mabubu. Anasema yeye anaongea, anaongea hivi," akanyanyua mikono. Mimi na akili zangu za wakati ule nikasema mwambie nilikuwa namtania refa tu. Binti akaniangalia. Hakutafsiri. Alikaa vile ananiangalia mpaka nikatazama chini mimi.

Sasa nimekaa na jambo hili miaka mingi na ninavyolielewa ni hivi. Sisi tumekulia kwenye utani, utani ni mali yetu na sitaki mtu yeyote atunyang'anye. Mngoni na Mhehe walipigana vita wakaishia kuwa watani. Mtani wako anaweza kuja msibani kwenu akaingia kwenye kaburi akajilaza humo, akasema maiti haishuki mpaka mnilipe, na wafiwa wanacheka huku wanalia, hakuna anayeita polisi. Maneno yanayosemwa pale ukiyaandika kwenye karatasi ni matusi matupu. Lakini utani una sheria zake, lazima tuwe watani kweli, lazima wote tujue tunataniana, na kubwa kuliko zote lazima kesho iwe zamu yako na wewe kutaniwa. Maiki inavunja hii ya tatu. Yule baba hakuwa na zamu, redio yenyewe haimfikii, na hata angepiga simu studio asingesikia ninachomjibu. Kumsema mtu asiye na zamu sio utani, hata kama mkoa mzima umecheka.

Kwahiyo nikiwa napanga kipindi sijiulizi sana "hili naruhusiwa kulisema?" Najiuliza huyu ninayemsema anaweza kunijibu? Na hapa ndipo nakuja kwenye ule uhuru, maana sitaki mtoke hapa mkiwa waoga. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya Tanzania inakupa haki ya kutoa maoni na kueleza fikra zako. Wakenya wao kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 33, wameandika uhuru halafu palepale wakaandika mipaka, kwamba hauingizi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, na kwamba unapoutumia uheshimu haki na heshima ya wengine. Mimi napenda walivyoviweka pamoja ukurasa mmoja.

Ila jueni pia sheria inaweza kushikwa vibaya. 2016 kijana mmoja Arusha alihukumiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa kumuita rais bwege kwenye Facebook, akaambiwa alipe faini ya shilingi milioni 7 au aende jela miaka 3. Mimi neno bwege nisingelitumia hewani, ni uvivu, ukiwa na hoja huhitaji bwege. Lakini kumpa mtu chaguo la milioni 7 au miaka mitatu kwa neno moja dhidi ya mtu mwenye wasemaji, magazeti na dola nzima ya kumjibu, hapo naona mizani imekaa vibaya kabisa. Rais ana zamu. Waziri, mkurugenzi wa halmashauri, tajiri wa mabasi, wote wana zamu, wanaweza kuja studio kesho asubuhi na nitawakalisha kiti. Ujasiri wenu wekeni huko. Inaniuma nikisikia mtangazaji anaogopa kuuliza dawa za zahanati zimekwenda wapi, halafu dakika kumi baadae anajifanya jasiri kwa kumcheka kichaa wa stendi.

Watu wakisema siku hizi mambo yamezidi, hata maneno tunabadilishiwa, nawaelewa, maana kuna kubadilisha maneno kwa ajili ya kujionyesha umesoma. Nilipoanza kujirekebisha na mimi nilizidisha, nikawa nasema "mtu mwenye changamoto ya usikivu", nikajiona nimestaarabika. Viziwi wenyewe wakanisahihisha. Chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, neno kiziwi wamelibeba wenyewe mpaka kwenye jina la chama, wanachokikataa ni bubu. Sasa angalia upande wa pili. Zeruzeru ni neno la Kiswahili la siku nyingi na kuna wazee wanalitumia bila ubaya wowote, lakini limetembea miaka yote sambamba na ile imani kwamba hawa watu hawafi, wanapotea tu. Miaka ya 2000 mauaji yaliposhamiri, hasa Kanda ya Ziwa, mtaani walikuwa wakipita wanaitwa "dili". Fikiria unapita sokoni, mtu anaita dili lile, na unajua anamaanisha viungo vyako vina bei. Ndio maana wakasema tuite watu wenye ualbino, neno mtu litangulie. Na watu wa Lindi Mjini 2010 walimchagua Salum Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni nchini kwetu. Kwahiyo hakuna kanuni kwamba neno la zamani ni baya na neno refu ndio zuri, hawa wamelitaka la kwao fupi na wale wamelikataa. Waulize wenyewe. Ni simu moja tu hiyo, na mara nyingi unapata na stori ya kipindi humo humo.

Tuje kwenye madhara ya kazini, maana najua kuna wanaosikia huruma na kuna wanaosikia mshahara. Machi 2021, Nairobi, Homeboyz Radio, watangazaji wa kipindi cha asubuhi walikuwa wanaongelea habari ya dada mmoja aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12 baada ya kumkataa mwanaume. Hewani wakaanza kumlaumu yule dada, kwamba wanawake wanajirahisisha. Yule dada yuko hospitali amevunjika, watu wanapiga stori asubuhi na kahawa. Haikuchukua siku nyingi EABL, kampuni ya bia iliyokuwa mdhamini, wakaondoa matangazo yao, watu watatu wa kile kipindi wakafukuzwa kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikapiga faini ya shilingi milioni 1 ya kwao na kusimamisha kipindi miezi 6. Hapa kwetu Septemba 2020 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, iliifungia Wasafi FM siku 7 kwa mambo ya maadili yaliyotokana na vipindi viwili. Siku saba redio kimya, na humo ndani kuna fundi mitambo, dada wa mapokezi, dereva, hawajasema neno lolote.

Kwenye kesi ya Nairobi msiangalie faini tu. Mdhamini aliondoka kabla ya mamlaka kuongea. Haikuwa serikali kumziba mtu mdomo, ni watu wamesikia wakasema hatutaki, na kusema hatutaki nao ni uhuru wa kujieleza. Hili vijana wengi linawachanganya, wanadhani uhuru maana yake nikisema nisijibiwe. Mimi faini ya serikali naiangalia mara mbili mbili imetolewa na nani dhidi ya nani, lakini msikilizaji akizima redio yake sina cha kumdai.

Na kuna la Rwanda, nalisema kwa kifupi maana ni zito na nisingependa litumike kutishia watu kwa kila neno. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilianza 1993, na wengi hawajui kwamba ile redio ilipendwa. Ilikuwa changamfu, inapiga miziki ya Kikongo, watangazaji wanachekesha, vijana wanaisikiliza mtaani. Neno inyenzi, mende, walilowaita Watutsi, liliingia masikioni mwa watu katikati ya vicheko na muziki mzuri. Kesi yake ilisikilizwa hapa hapa Arusha kwenye ile mahakama ya Umoja wa Mataifa, hukumu ikatoka Desemba 2003, wawili kati ya waliopatikana na hatia walikuwa waanzilishi wa redio hiyo. Utani wangu wa refa haufanani na ule, sijafika huko na nyinyi hamtafika Mungu akipenda, nachotaka mjue ni kwamba kucheka sio ushahidi kwamba hakuna anayeumia. Prodyuza akikwambia "lakini watu wamecheka" hajakwambia kitu bado.

Sasa ya mezani kwenu. Simu za wasikilizaji, msimpandishe mtu hewani bila kuongea nae pembeni nusu dakika, muulize unataka kusema nini, ukisikia ameshaanza na "hawa watu wa kabila fulani" unamuuliza huko huko, ni nani hasa alikufanyia nini? Mara nyingi utakuta ni jirani mmoja na mpaka wa shamba. Akipanda hewani na bado akarudi kule, shusha fedaa, kile kitelezi cha sauti kwenye mitambo, na usishushe kimya kimya, sema nimekukata kwa sababu hii, msikilizaji asidhani mtandao umesumbua. Meseji isome yote kichwani kabla ya kufungua mdomo, nimeshuhudia mtu anasoma meseji hewani anafika katikati anakutana na tusi hana pa kukimbilia. Na kumbukeni siku hizi kipindi chako cha masaa matatu mtu anakata sekunde ishirini anarusha WhatsApp, kule kwenye magrupu hakifiki kicheko chako wala ile sauti uliyobadilisha kuonyesha unatania, linafika neno peke yake.

Ukikosea, na utakosea, usiombe radhi kwa "kama kuna mtu nimemkwaza". Hakuna kama. Taja neno ulilosema, taja uliowasema, sema sitalirudia, na useme saa ile ile kwenye kipindi kile kile, sio usiku saa tano wamelala. Lakini kabla ya hewani nenda kwanza kwa mtu mwenyewe. Mimi bosi wangu wa wakati ule alitaka tulimalize kimya kimya, tusilirudie tu litasahaulika, na kwa kweli ilikuwa njia rahisi. Nilikwenda nyumbani kwa yule baba Jumamosi, anashona viatu, akanitolea kigoda. Tukatafutiwa mkalimani mtu mzima maana sikutaka binti abebe maneno yangu mara ya pili. Nikamuuliza nikisema nini hewani mwanao atarudi shule? Akafikiri, akajibu nisiseme chochote kuhusu yeye, niwaambie tu watoto ile sauti sio ya kiziwi yeyote, niliitunga mimi. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, muda wa watoto kujiandaa, nikasema hivyo hivyo, nikairudia na kesho yake na keshokutwa yake, siku tatu kama zile za mwanzo.

Binti alirudi shule wiki ile ile. Mkalimani yule, mama mmoja mwalimu, namba yake ipo mpaka leo kwenye daftari la zamu pale studio, ukurasa wa mwisho pamoja na namba za chama cha wasioona, chama cha watu wenye ualbino na mzee mmoja anayejua utani wa makabila kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mkianza zamu Jumatatu lifungueni hilo daftari mzinakili kwenye simu zenu.