Maswali na Majibu: Hofu, Jaketi na Chupa ya Mafuta

Wiki hii karibu barua zote zinaongelea hofu. Nyingine ni ndefu kuliko waraka kwa Warumi, nimezifupisha.

Shikamoo mwalimu. Mume wangu anavua dagaa. Nimemnunulia jaketi la kujiokolea, kalisukumia chini ya kitanda. Anasema mtumishi wao kafundisha kwamba kulivaa ni kukiri kifo. Mimi usiku silali. (Mama, Igombe)

Marahaba, mama. Fundisho hilo si geni. Shetani alilitoa zamani juu ya kinara cha hekalu, tena kwa kunukuu Zaburi 91: jitupe tu, malaika watakudaka. Akajibiwa, "Usimjaribu Bwana Mungu wako" (Mathayo 4:7). Zaburi hiyo nimeiona imeandikwa kwa rangi ubavuni mwa mitumbwi, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wanaoifanya badala ya jaketi.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na radi za Ziwa Viktoria nazo hupenda saa hizo hizo, usiku wa manane kuelekea alfajiri. Mumeo anayajua haya kuliko mimi na mtumishi wake.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Ukerewe. Akipanda meli ya Nansio, kabla hajatua kikapu, aliinua kidole akahesabu maboya yaliyofungwa juu, moja moja, midomo ikicheza. Akimaliza ndipo anatoa rozari na kuanza kuhesabu upya. Tulikuwa tunamcheka. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, kivuko cha watu 101 kikiwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya hao. Walikufa zaidi ya 220. Tangu hapo hakuna mtu kwetu anayesimulia habari ya bibi na maboya akicheka. Na atakayekuambia wale walipungukiwa na imani, mtoe msibani kwa heshima. Kilichozidi ni abiria na mzigo.

Usigombane naye, mama. Jioni akiondoka, mpe jaketi mkononi pamoja na chakula chake.

Je, kuogopa ni dhambi? (Kijana, Nyegezi)

Hapana. Bwana mwenyewe kule Gethsemane "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika" (Marko 14:33).

Ni kweli neno "usiogope" limo kwenye Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka?

Jamani! Hili nimeshalijibu hadi nimechoka. Si kweli. Fungueni itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoorodhesha maneno yake na mistari yalimo, mhesabu wenyewe, badala ya kusambaza kila mnachotumiwa kwenye simu. Na tarehe 29 Februari je, siku hiyo ruksa kuogopa?

Nabii mmoja kanipigia simu kwamba ameona jeneza mlangoni kwangu. Kinga ni chupa ya mafuta, shilingi 30,000. Nina 12,000. Anaweza kunipokea kwa awamu? (Dada, Buhongwa)

Dada yangu, umeniuliza habari ya awamu, mimi nakujibu habari ya duka. Mtu kaja kwako hujaogopa kitu. Kakupa hofu bure, sasa anakuuzia dawa yake kwa fedha. Kesho jeneza litahamia kwa mtoto, na chupa itapanda bei. Mafuta yamo katika Yakobo 5, ni kweli, lakini pale mgonjwa ndiye anayewaita wazee wa kanisa, wanakuja, wanaomba, na hakuna bei iliyotajwa. Simoni wa Samaria alipotoa fedha apewe uwezo wa kugawa Roho, Petro alimwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Hiyo 12,000 nunua unga. Namba yake ifungie.

Na ninyi wachungaji mnaosoma hapa kimya kimya: waumini wenu wanakwenda huko kwa sababu kwenu hakuna anayewauliza wanaogopa nini.

Moyo unanienda mbio usiku, jasho, mikono inakufa ganzi. Nimeombewa mara tatu. Ni pepo? (Baba, Igoma)

Hospitali, mzee wangu. Usingoje maombi ya nne. Wakupime moyo na presha, na wakikuta viko sawa waombe wakupeleke kwa daktari wa afya ya akili, hospitali ya Bugando wapo. Eliya alipokimbia akaomba afe, malaika hakumkemea pepo. Alimpa mkate wa moto na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena (1 Wafalme 19). Mahubiri yalikuja baadaye. Endelea kuomba, na dawa meza.

Kwa nini Yesu alilala wenzake wakizama? (Mwalimu wa watoto, Kirumba)

Swali zuri, hatimaye. Biblia ya Union, Marko 4:38, inasema alikuwa shetrini, yaani nyuma ya chombo, "amelala juu ya mto". Utotoni nilidhani ni mto kama Simiyu, nikastaajabu hajalowa. Wafafanulie watoto kwamba ni wa kulalia.

Ziwa la Galilaya ni dogo. Ndani ya Viktoria lingeingia zaidi ya mara 400. Lakini waliopiga kelele mle chomboni wamo wavuvi wa kazi, wanaojua wimbi la kutania na wimbi la kuua. Hofu yao ilikuwa ya kitaalamu. Walimwamsha kwa lawama, "si kitu kwako kuwa tunaangamia?", na hata hivyo akaamka, upepo kwanza, wao baadaye. Kisha soma mstari wa 41: ziwa limetulia, nao ndipo "wakaingiwa na hofu kuu". Wahubiri wengi huishia mstari wa 39.

Naomba sala fupi ya kusema nikipanda kivuko cha Kamanga, naogopa sana maji. (Bibi, Sengerema)

Shikamoo bibi. Ya Petro inatosha: "Bwana, niokoe." Na tangu Juni 2025 kuna daraja pale Kigongo na Busisi, kama kilomita 3. Ukipita huko hakuna atakayekuhesabia.